Ile Mivinje Bado Ipo

Ipo Jumamosi moja ambayo siisahau, mwanangu, na tangu juzi ulipofika na zile picha zako imenirudia kana kwamba ni ya wiki iliyopita. Umenionyesha picha za Paris, za Roma, na za mji ule sijui unaitwaje wenye maji mahali pa barabara. Umeniambia kwamba huko Uingereza unakosoma, Ijumaa jioni ikifika mnafunga vibegi vyenu mnapanda treni, na Jumapili mnarudi. Nimefurahi, usidhani sikufurahi. Bibi yako alicheka mpaka akatafuta leso. Lakini nilikuuliza swali moja tu: kote huko ulikokwenda, ulikwenda kumwona nani? Ukanijibu, “Babu, hatuendi kumwona mtu. Tunatembea tu.” Nikanyamaza, na wewe ukadhani nimesinzia. Sikusinzia. Kaa hapo nikwambie kwa nini nilinyamaza.

Mimi nami nilitembea. Usinione naburuza kandambili hapa Kinondoni ukadhani nilizaliwa mzee. Zama za Mwingereza nilikuwa mwalimu kijana, suruali imepigwa pasi mpaka inakata, na serikali ikanipeleka kwao mwaka mzima nikajifunze zaidi kazi ya kufundisha. Hapa mtaani ilikuwa habari kubwa. Watu walikuja kunitazama kabla sijaondoka, na mimi bado sijafanya lolote la kutazamwa.

Baba yangu, Mzee Selemani, alikuwa mpishi wa Wazungu. Miaka mingi alimpikia bwana mmoja wa serikali aliyekaa kule upande wa bahari, ambako sie watu wa Kinondoni tulikwenda kwa kazi tu. Jina lake silitaji. Watumishi walimwita Bwana Mluzi, kwa sababu alipiga mluzi toka anapoamka mpaka anapopanda gari. Nilikuwa mtoto mdogo alipomaliza muda wake akarudi kwao. Baba ndiye aliyemfungia makasha yake, na katika kufunga ubao mmoja ukavunjika, akauchukua. Ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyeusi jina la Bwana, namba ya nyumba, mtaa na mji wa kwao. Baba alisoma Kurani na aliandika vizuri kwa herufi za Kiarabu, lakini hizi za Kizungu hakuzijua. Ubao ule aliuweka jikoni, juu ya mtungi wa maji. Mimi nilipoanza shule, maneno ya kwanza kuyasoma peke yangu bila mwalimu yalikuwa ya ubao ule. Nilikuwa nikiyaimba kila ninapochota maji, mama akinikemea nisimwage.

Wewe umekulia mjini sana, pengine hujui mambo yetu ya safari. Zamani mtu wa hapa hakusafiri mikono mitupu. Ukitangaza tu kwamba unakwenda mahali, hata kama ni Bagamoyo, majirani wote wanakuja na salamu zao. Huyu anakupa maneno, yule anakupa maneno na mkate wa kumimina, mwingine maneno na ubani. Na ulikuwa huambiwi mara mbili. Salamu ni amana, unazibeba kama ulivyopewa, unazifikisha kama ulivyopewa, na ukirudi unaleta jibu.

Basi siku ninafunga sanduku, baada ya alasiri, baba aliingia chumbani na chupa ya achari ya ndimu. Aliitengeneza kwa mikono yake, kaiziba mdomo kwa nta na kitambaa. Akanikumbusha kwamba Bwana Mluzi hakuwa anakaa mezani bila achari ile. Halafu akasema, “Ukifika kwao mtafute. Mwambie, Mpishi anakusalimu. Mpe hii. Na umwambie mahali pale pasafi.”

Nikamuuliza, mahali gani?

“Yeye anapajua,” baba akasema, akatoka kwenda kutia udhu.

Nilicheka moyoni. Nilidhani ni jiko la ile nyumba ya serikali, au bustani ya mboga nyuma yake, maana baba alikuwa mtu wa usafi wa kuchosha. Sufuria zake ungejitazama uso ndani. Nikaona ni mambo ya wazee. Nikaiviringisha chupa ndani ya kikoi, nikaisahau mpaka nilipofika Ulaya.

Uingereza ilinishtua, mwanangu, na ilianza kunishtua bandarini. Mtu wa kwanza niliyemwona nchi ile alikuwa Mzungu anafagia. Nilisimama nikamtazama mpaka mwenzangu wa safari akanivuta mkono. Sikuwahi kumwona Mzungu ameshika ufagio. Kisha nikamwona mwingine amebeba mizigo ya watu, kainamisha kichwa, na mwingine anaomba sigara. Usiku ule sikula vizuri. Hawa ndio waliokuwa kwetu wakipiga kengele waletewe maji, na mtungi uko hatua mbili kutoka kiti chao? Kengele hiyo baba yangu aliisikia mpaka usingizini. Mama alisema kuna siku aliinuka kitandani akasema, “Naam, Bwana,” akavaa na kofia.

Chuoni nilikaa chumba kimoja na kijana Mwafrika wa Gold Coast, Kofi, mcheshi mno, anayejua kila basi linakwenda wapi. Yeye ndiye aliyenifundisha wikendi. Mimi nilijua Ijumaa ya kwenda msikitini na Jumapili ya ofisi kufungwa, basi. Kumbe kule Jumamosi na Jumapili ni kitu kizima chenye jina lake, na watu wanakipangia toka Jumatatu. Tulikwenda kuona makanisa makubwa, majumba ya wafalme, milima yenye kondoo. Nilianza kuipenda safari kuliko masomo. Nilinunua koti la mvua na ramani, nikawa nazungumza habari za treni na watu nisiowajua.

Halafu likaja tangazo la safari ya ufukweni. Niliposoma jina la mji nikapigwa na butwaa pale pale mbele ya tangazo. Ulikuwa mji wangu wa juu ya mtungi. Nilikuwa nimeuimba miaka yote ile bila kufikiri kwamba uko mahali na basi linakwenda.

Nikaitoa chupa ndani ya kikoi. Nta haijapasuka, nikaifunga chupa kwenye gazeti. Kofi akaniuliza kama nimemwandikia yule mzee kwamba ninakuja. Nikamwambia kwetu mtu haandiki, anakwenda. Akacheka akaniambia kwao pia, lakini hapa nitafungiwa mlango puani. Sikumsikiliza. Mtu anamletea mtu salamu kutoka Dar es Salaam, atafungiwaje mlango?

Jumamosi ile tukafika. Ufuko wao ni wa mawe, mwanangu, mawe matupu, na upepo unakata masikio, na juu ya mawe yale walilala watu wazima nusu uchi, wanashukuru kama waliofunguliwa jela. Bibi wa umri wa bibi yako, mapaja nje, anakula barafu tamu kwa kijiko. Babu amefukiwa kwa kokoto na wajukuu zake, katoa kichwa tu, na kichwani kajifunga leso ya kufutia pua. Niligeuka nikatazama ukuta. Kofi aliniambia nizoee, nikamwambia sitaki kuzoea. Nikamwacha pale na samaki wake wa kukaanga, nikashika mtaa.

Sikuuliza njia mara mbili. Nyumba ilikuwa ndogo, imebanwa kati ya nyumba nyingine ndogo, na rangi ya mlango inabanduka. Nilifikiri nimekosea. Nyumba ya kule kwetu ilikuwa na baraza tatu na bustani ya kupotelea. Nikatazama namba. Ilikuwa ile ile. Nikainua mkono kugonga, na mdomo kwa mazoea ukasema, “Hodi!”

Kutoka ndani sauti ya mzee ikasema, “Karibu,” na nadhani ilimtoka kabla hajafikiri. Mlango ukafunguliwa na Mzungu mrefu aliyepinda mgongo, kavaa sweta lililotoboka kiwiko, mkononi kitambaa cha kufutia vyombo. Tukatazamana, kila mmoja ameshtuka kuliko mwenzake.

Nilijieleza kwa Kiingereza kwamba natoka Dar es Salaam, ni mwalimu, baba yangu aliwahi kufanya kazi kwake. Akaniingiza. Akanipikia chai yeye mwenyewe, na vikombe akavisuuza mwenyewe. Nilikaa kitini nikihudumiwa na Bwana Mluzi, na sikujua niweke wapi macho. Hakupiga mluzi hata kidogo. Nyumba nzima ilikuwa na harufu ya makaa na upweke, na mtu mwingine sikumwona. Chupa yangu niliiweka mezani mbele yetu, bado imefungwa kwenye gazeti, nikasubiri anywe kwanza chai, kama adabu inavyotaka, ndipo nimpe maneno yangu.

Ukutani kulikuwa na picha moja kubwa. Ilipigwa kwenye baraza ya ile nyumba ya kwetu. Bwana Mluzi kijana, amekaa. Memsab, mkewe, kando yake. Mbwa mkubwa miguuni. Na nyuma yao, amesimama wima na kanzu nyeupe, baba yangu. Nilimtambua kabla sijakaribia. Alikuwa mwembamba, hana mvi, na mikononi amebeba furushi jeupe, nikaona ni nguo za kufua.

Moyo wangu ulijaa. Niliinuka nikasimama chini ya picha. Mzee naye akainuka, akaja kwa shida, akanyoosha kidole.

“Huyu ni Rova,” akasema, akaonyesha mbwa. Akanieleza Rova alikuwa mbwa wa namna gani, alivyoogopa radi, alivyokufa. Kidole kikapanda juu kidogo, kikasita, akakishusha.

Nikamuuliza, na huyu aliyesimama nyuma?

Akatazama muda mrefu. “Huyo ni Mpishi,” akasema. Nikamuuliza jina lake. Akafikiri, akatikisa kichwa. Hakulijua. Walikuwa wakimwita Mpishi, akasema, na akarudi kukaa.

Mwanangu, nilikufa ganzi. Jina la mbwa analo. Jina la mtu aliyempikia asubuhi, mchana na jioni, miaka yote ile, hana, na wala hajalisahau. Hakuwahi kuwa nalo. Na baba yangu anaweka jina la huyu mtu juu ya mtungi wa maji, mahali ambapo hata picha ya babu yake hakuiweka. Sikusema “Mpishi anakusalimu.” Ningesemaje neno hilo, nimtaje baba yangu kwa jina la kazi mbele ya mtu huyu? Nilichukua chupa yangu mezani, nikaipachika kwapani, nikamwambia basi langu linaondoka. Haikuwa kweli.

Alinisindikiza mpaka mlangoni, polepole. Nimeshafika njiani akaniita.

“Ile mivinje,” akasema, na safari hii alisema kwa Kiswahili chake kile kibovu cha jikoni. “Ile mivinje ya kule karibu na bahari. Bado iko?”

Sikujua anauliza mivinje ipi, na sikutaka kujua. Nilitaka nami kumuumiza. Nikamjibu kwamba yote imekatwa, kwamba siku hizi Dar es Salaam wanafyeka kila kitu cha zamani, hakuna kilichobaki. Alinishukuru. Alishika ukingo wa mlango kwa mikono miwili, akanishukuru tena, na mimi nikaondoka nikijiona nimelipa kisasi cha baba yangu.

Achari tuliila mimi na Kofi ndani ya basi, kwa mkate. Kofi alilamba vidole akasema hajawahi kula kitu kama kile. Nilimsimulia yote, akanipigapiga mgongoni, akasema nimefanya vizuri. Baadaye basi la chuo lilikwenda tena mji ule, na mimi nikaenda kwingine. Niliona miji mingi. Nilikuwa na picha nyingi kuliko hizi zako.

Nikarudi nyumbani. Nyumba ilijaa watu, kila mwenye salamu anadai jibu lake, na nilikuwa nazo zote isipokuwa ile. Baba hakuuliza. Alisubiri mpaka wageni wakapungua, tumekwisha kula, tumebaki sisi na mama. Ndipo akauliza, “Bwana Mluzi hajambo?”

Nilikuwa nimejiandaa. Nilimsimulia nikiwa nimesimama, tena kwa mikono, maana nilijua nimefanya jambo la kiume na nilitaka alione. Nikamweleza ile nyumba ndogo, sweta lililotoboka, vikombe anavyosuuza mwenyewe. Nikafika kwenye picha. Nikamwambia, baba, jina la mbwa analijua, la kwako halijui. Nikasema nikachukua achari yetu nikatoka.

Baba alikuwa anatazama mkeka. “Na Memsab?”

Nikasema sikumwona.

“Hukuuliza?”

Nikasema sikuuliza. Hapo nikaanza kusikia baridi, maana mtu wa hapa anaingiaje nyumba ya watu asiulizie mama mwenye nyumba? Ili kufunika hilo nikaongeza haraka habari ya mivinje, kwamba aliniuliza na mimi nikamwambia imekatwa yote.

Mama aliweka mkono mdomoni. Aliinuka akaingia ndani, na nikasikia analia. Mimi nilibaki nimesimama, mikono yangu bado iko hewani.

Baba akasema, “Vaa viatu.”

Tulitoka mchana ule ule, yeye mbele, mimi nyuma. Tukapita Wazungu wanakokaa, tukavuka daraja, tukashika njia ya baharini mpaka makaburi ya Wazungu. Mlinzi alimsalimu baba kama mtu anayemjua. Ndani, upande wa bahari, ilikuwepo mivinje mikubwa, mirefu, inavuma kwa upepo. Yote imesimama.

Chini ya mivinje ile kulikuwa na kaburi fupi. Fupi mno, mwanangu. Makaburi ya jirani yalikuwa yameota magugu hadi magotini, lile limefyekwa, limezungushiwa kokoto nyeupe za pwani zilizopangwa moja moja. Na lilinukia, nami niliijua ile harufu. Ilikuwa marashi ya mawaridi, yale ambayo baba aliyanyunyiza makaburi ya wazee wetu kila mwezi wa Shaabani, kabla ya mfungo, na mwezi wenyewe ulikuwa ndio huo. Kumbe siku zile alipokuwa akimaliza kwetu alikuwa akija na huku.

“Soma,” baba akaniambia. “Mie miaka yote sijui kimeandikwa nini.”

Nikasoma lile jiwe. Jina la kwanza lilikuwa Meri. Jina la pili sikuhitaji kulisoma, nilikuwa nimeliimba tangu mtoto nikichota maji.

“Sie tulimwita Bibi Mdogo,” baba akasema. “Alikuwa hajatimiza mwaka. Homa. Memsab alipokuwa anaondoka, alikuja jikoni, hakuwahi kuja jikoni yule mama, akanishika mkono akaniambia, Mpishi, angalia yeye. Nikamwambia ndiyo.” Akainama akang'oa jani moja ambalo mimi sikuliona. “Picha ile ya ukutani. Nimebeba nini?”

Nikasema, nguo za kufua.

“Nimembeba yeye,” baba akasema.

Nilikaa chini. Niliona kile kidole cha yule mzee kinavyopanda kutoka kwa mbwa, kinasita, kinashuka. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikimwambia baba wa mtoto kwamba wamefyeka kila kitu, hakuna kilichobaki. Na yeye akanishukuru. Mara mbili alinishukuru.

Nikajaribu kujitetea. Nikasema, lakini jina lako, baba, hata jina lako.

Hapo ndipo aliponitazama, na hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. “Ni kweli halijui. Hakuniuliza hata siku moja, na liliniuma, na hilo ni langu na yeye. Siku Mungu akitukutanisha nitamuuliza mwenyewe. Wewe sikukutuma ukapime kama mtu huyu anafaa salamu zangu. Nilikutuma umpe habari ya mtoto wake.”

Hakurudia tena maneno hayo maisha yake yote. Jioni ile niliandika barua. Niliandika kwamba mahali pale pasafi, mivinje bado ipo, nilisema uongo, nisamehe. Niliandika anwani bila kutazama ubao. Baada ya miezi barua ikarudi kama ilivyokwenda, haikufunguliwa, imegongwa muhuri kwamba mwenyewe hayupo tena. Kama amehama au amekufa, hawakusema. Nilimpelekea baba jikoni nikamwambia. Akaishika, akaigeuza, akanirudishia.

“Basi mtoto amebaki na sie tu,” akasema, akaendelea kukata vitunguu.

Tangu Shaabani ile nilikwenda naye kila mwaka. Alipofariki nikaenda peke yangu, na bado naenda, ingawa sasa mlinzi ananipa kiti. Bibi yako anajua. Watoto wangu wanadhani nakwenda kupunga upepo.

Sasa nikupe maneno yangu, mwanangu, na usiyaandike kwenye simu, yaweke kichwani. Tembea. Dunia ni pana na miguu yako ni mipya, sikukatazi. Lakini usiende nchi ya watu kuona mawe yao tu. Kila unakokwenda kuna mtu, na kila mtu ana kitu ambacho kidole chake hakiwezi kukigusa, na wewe hutakiona kwa kumtazama mara moja ukiwa umekasirika. Ukidharauliwa, na utadharauliwa, dai heshima yako wewe mwenyewe kwa kinywa chako, waziwazi. Usiichukue ya mwingine ukaenda kuigombea bila kutumwa. Na ukipewa salamu, wewe ni njia tu zinapopita. Zifikishe. Ukishazifikisha, hasirika unavyotaka.

Na nina haja moja. Ubao ule huu hapa, nimeutoa chini ya kitanda leo asubuhi. Rangi imefifia lakini inasomeka. Bibi yako ametengeneza achari ya ndimu, ameiziba kwa nta. Nakuomba wikendi moja tu, moja, wenzako wakienda Paris wewe usiende. Panda treni mpaka mji huu. Nyumba utakuta ina watu wengine, usiwasumbue. Nenda makaburini kwao, umtafute mwenye jina hili, na kama Memsab yuko kando yake, ongea nao wote wawili. Piga hodi kwanza. Sema umetumwa na Mpishi, na jina lake ni Selemani. Waambie mahali pale pasafi. Waambie mivinje michache iliangushwa na upepo wa kaskazi, mingine bado ipo. Halafu urudi uniletee jibu, hata kama ni habari tu ya hali ya nyasi za pale zilivyo.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie njiani, akufikishe salama na akurudishe salama kwetu. Akupe macho ya kuona watu na kinywa cha kubeba amana bila kuimwaga. Na kila mlango utakaougonga katika nchi za watu, awepo wa kukuitikia karibu.